Uzoefu wangu: nakala ya "Impression, soleil levant" kwenye turubai, sm 60 kwa 90 (nyota 3 kati ya 5)

Hii ni nakala ya mchoro wa Claude Monet, mchoraji wa Kifaransa, unaoonyesha jua likichomoza bandarini. Kwa pambo la sebuleni inafaa. Ila imeuzwa kama "iliyokamilishwa kwa mkono", na kwa sifa hiyo bei imezidi.

Ukiipapasa unakuta michirizi ya brashi, lakini haifuati picha: inapita juu ya mashua, maji na anga kwa mwelekeo uleule. Hiyo ni jeli angavu ya akriliki iliyopakwa juu ya chapa. Lenzi ya sonara, inayokuza mara 10, inamaliza ubishi. Chini ya jeli kuna chembe za wino zilizotawanyika bila mpangilio, alama ya printa ya kunyunyiza wino. Zingekuwa nukta zilizojipanga kwa vikundi kama maua, ingekuwa chapa ya kiwandani ya rangi nne, sawa na kalenda. Kazi ya mkono haina nukta hata moja. Ukikagua kwa lenzi, anzia kwenye sahihi, "Claude Monet 72", chini kushoto. Hapa nayo ni chembe tupu.

Picha halisi, iliyoko Musée Marmottan Monet jijini Paris, ina sm 48 kwa 63. Ukiikuza hadi upana wa sm 90, kimo kinapaswa kufika karibu 69. Hii ina 60, kwa hiyo takribani sehemu moja ya nane imekatwa, na sahihi imebanwa ukingoni. Anayetaka picha nzima aagize sm 60 kwa 79.

Rangi ndiyo iliyoniuma zaidi. Monet alilipatia jua mng'ao unaokaribia kuwa sawa na wa anga linalolizunguka; piga picha kwa simu, iondoe rangi, na jua karibu litoweke. Ndiyo maana linaonekana kama linatetemeka. Kwenye nakala hii linabaki doa jeupe, maana mchapaji ameliongezea mwanga, na ule mtetemo umekufa.

Tochi ya kukagulia noti bandia nayo inasaidia: turubai linawaka buluu kwa sababu ya dawa za kung'arisha weupe, ambazo hazikuwepo enzi za Monet. Dawa hizo huchoka kwa jua na weupe kugeuka manjano, hivyo usiitundike mkabala na dirisha. Pini za stepla nyuma hazitoshi kuwa ushahidi kwamba ni nakala ya kisasa, kwani hata turubai la zamani huweza kuwambwa upya.

Namba "112/500" iliyoandikwa juu yake (yaani nakala ya 112 kati ya 500) na cheti kilichokuja nayo havikuongeza thamani yoyote. Monet alifariki 1926, na leo yeyote anaruhusiwa kuichapa picha hii. Hizo 500 ni za muuzaji huyu tu. Mimi huithamini hivi: bei ya chapa ya ukubwa huohuo isiyo na jeli, jumlisha fremu. Fremu hii ni ya unga wa mbao uliogandishwa na kuvikwa karatasi ya rangi ya dhahabu, na kona mbili zimeachana. Ukitaka kuiuza tena, fuata bei ambazo nakala za aina hii zimeuzika kweli mnadani, usifuate zile ambazo wauzaji wameziandika.