Eksirei ya kifua: kupandisha kikomo au kupima makohozi?

Programu inayosoma eksirei kutafuta TB humpa kila mtu alama ya jinsi anavyoshukiwa; anayefikia kikomo kilichowekwa huhesabiwa mshukiwa. Ukipandisha kikomo, washukiwa wasio wagonjwa hupungua bila gharama, lakini mwenye kivuli hafifu anarudishwa nyumbani Newala akiendelea kukohoa. Hilo silikubali hata kidogo.

Afadhali kikomo kibaki chini, makohozi ya washukiwa yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea vya TB. Mkulima wa korosho Tandahimba aliyepona TB zamani ana makovu sehemu ya juu ya pafu. Programu humshuku, makohozi humwondolea shaka. Aulizwe kwanza kama alitibiwa karibuni, maana kipimo hiki huweza kunasa hata mabaki ya vimelea vilivyokufa. Katriji, kikasha kinachotiwa makohozi katika mashine hiyo, ni ghali, kweli. Kuambukiza familia nzima ni ghali zaidi.