Pango zuri mlangoni, salamu ya woga ukutani

Tarehe 24 Desemba, tukitoka stendi kumpokea shangazi aliyeshuka kwenye basi la Dar es Salaam, tuliingia familia nzima katika mgahawa mmoja wa Moshi mjini ambao kwa miaka mingi nimekuwa mteja wa mtori wake. Jina lake ninaliacha makusudi, kwa kuwa lawama zangu zinahusu siku hiyo tu.

Mlangoni, mkono wa kushoto, walikuwa wamejenga pango la Noeli, na nje ya kanisa sijawahi kuona lililojengwa kwa moyo namna ile. Paa lilikuwa la majani makavu ya migomba, ng'ombe wa udongo alikuwa na nundu kama wa kwetu, na hori lilikuwa bado tupu, kama inavyopasa, kwa sababu Mtoto hulazwa humo usiku wa mkesha. Pembeni walikuwa wamesimika jani la isale, ambalo kwa Wachagga ni jani la kuombea msamaha na amani. Mhudumu aliyevaa hijabu alikuwa amepanda stuli akikaza uzi wa nyota uliolegea, huku akimuuliza mwenzake kama imekaa sawa. Fransisko wa Asizi alipoandaa pango huko Greccio, Italia, mwaka 1223, alitumia hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, ili wanakijiji waione Bethlehemu kwa vitu walivyovizoea, na waliojenga hili la Moshi wamefuata njia ileile.

Ndiyo maana bango lililokuwa juu ya kaunta lilinisikitisha: "Tunawatakia Msimu Mwema." Msimu wa nini? Nilipomuuliza meneja, alinijibu kwa upole kwamba wapo wageni wa mlimani wanaotoka nchi ambako salamu ya Krismasi siku hizi inazua maneno. Ninaiheshimu nia yake, lakini mzozo huo ameuazima bila chanzo chake. Marekani, mwaka 1989, Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ilikataa pango lililowekwa peke yake ndani ya jengo la mahakama mjini Pittsburgh, kwa hoja kwamba serikali isionekane kuipigia debe dini fulani. Hoja hiyo ninaikubali, na Katiba yetu nayo, ibara ya 19, inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mgahawa, hata hivyo, si mamlaka ya nchi; ni nyumba ya mtu, na mwenye nyumba ana haki ya kuitaja sikukuu yake kwa jina. Mzee wa meza ya jirani, aliyevaa kofia ya kufuma na aliyekuwa akisubiri chai yake, alimpa shangazi mkono na kumwambia, "Krismasi njema, mama," bila kusita, kama sisi tunavyompa mtu mkono wa Idi.

Chakula kilikuwa kizuri. Mtori ulikuwa mzito, umepondwa vizuri, na nyama yake ilikuwa laini kiasi kwamba shangazi, mwenye meno machache, hakuacha kitu. Ndizi nyama zilizidi chumvi kidogo. Tulisubiri karibu saa nzima, jambo ninalolivumilia siku ya mkesha, lakini silivumilii lile la kuongezewa kwenye bili asilimia 10 ya huduma ambayo haikuandikwa popote kwenye menyu. Waiandike, nasi tutalipa.

Tarehe 26 nilipita tena kununua mtori wa kubeba. Mtoto alikuwa amelazwa horini juu ya nyasi mbichi, watoto wawili wa wateja wamechuchumaa mbele yake wakimgusa vidole vya miguu, na hakuna mhudumu aliyewafukuza. Bango la kaunta lilikuwa lilelile.