Mapitio: Kamera ya fisi-maji wa Monterey, ikitazamwa kutoka Mtwara

Monterey Bay Aquarium, nyumba ya matangi makubwa ya maji ya bahari iliyoko California nchini Marekani, hurusha bure kwenye intaneti picha za moja kwa moja za fisi-maji wake wa baharini, na mtu yeyote mwenye simu na kifurushi anaweza kuwatazama akiwa Mikindani, Shangani au Msimbati. Nimeitumia huduma hii pamoja na wanafunzi wa klabu ya mazingira ya shule ninayofundisha hapa Mtwara. Naiona kuwa bora kuliko nyingine za aina yake, ingawa kile ambacho wengi huja kukitafuta, yaani mtoto yatima wa fisi-maji akinyonyeshwa chupa, hakionyeshwi kabisa.

Nianze na suala la saa, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kamera huwashwa mchana wa California tu, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni kwa saa za kule. Kuanzia Machi hadi Novemba California iko nyuma yetu kwa saa 10, na miezi iliyobaki kwa saa 11. Anayefungua ukurasa huo asubuhi akiwa Mtwara hakuti picha za moja kwa moja, lakini anayefungua saa 11 au saa 12 jioni, wakati mashua za Mikindani zinafungwa, huwakuta fisi-maji ndio kwanza wanaianza siku yao. Kwa klabu ya shule saa hizo zinafaa sana, kwa kuwa vipindi vimekwisha na watoto hawajaitwa nyumbani.

Picha yenyewe ni nzuri. Tangi lina ghorofa mbili, hivyo mtazamaji humwona mnyama akielea juu na pia akizama chini. Fisi-maji hulala chali, huweka chakula kifuani, hula kwa mikono miwili, kisha hujiviringisha mzima mzima majini ili mabaki yaondoke. Baada ya hapo huanza kujisugua manyoya: shavu, kwapa, tumbo, mkia, kisha shavu tena, na hufanya hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba wanafunzi wa kidato cha kwanza walidhani ana ugonjwa wa ngozi. Hana ugonjwa wowote. Nyangumi na sili wana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi, lakini fisi-maji wa baharini hana, na bahari ya kule ni baridi ya kuumiza mifupa. Kinachomwokoa ni manyoya mazito kuliko ya mnyama mwingine yeyote, yenye nywele zaidi ya 100,000 katika sentimita moja ya mraba, ambayo hushika hewa na kuzuia maji yasifike kwenye ngozi. Manyoya yakichafuka, hewa hutoka na baridi huingia. Kwa sababu hiyo pia hula kila siku chakula chenye uzito wa karibu robo ya mwili wake, ili apate joto.

Anayefahamu hayo huelewa mara moja kwa nini mtoto wa mnyama huyu akiachwa peke yake hana muda mrefu wa kuishi. Kwa miezi sita hivi mama humlisha, humsugua, humpulizia hewa kwenye manyoya na kumbeba kifuani. Manyoya ya utotoni hushika hewa nyingi mno, hivyo mtoto huelea kama boya na hawezi kuzamia hata akitaka. Mama anapokwenda chini kutafuta kaa na kome, humwacha juu, mara nyingi akiwa amemzungushia mwani mrefu ili mkondo usimchukue. Dhoruba ikiwatenganisha, au mama akifa kwa kuumwa na papa au kwa maradhi, mtoto husukumwa ufukweni akilia.

Monterey Bay Aquarium ilifunguliwa mwaka 1984, na tangu wakati huo imekuwa ikiwapokea watoto wa aina hiyo. Miaka ya mwanzo wafanyakazi wenyewe ndio waliokuwa mama: waliwalisha, waliwasugua, waliingia nao baharini na kuwafundisha kuzamia. Ilikuwa kazi ya upendo mkubwa, lakini mtoto aliyelelewa hivyo alimzoea binadamu, na fisi-maji aliyemzoea binadamu akiachiliwa huzifuata mashua na wapiga mbizi, jambo ambalo ni hatari kwake na kwao. Mwaka 2001 mambo yalibadilika. Jike mmoja mgonjwa aliyeitwa Toola, aliyekuwa akilelewa hapo, alizaa mtoto mfu, akapewa mtoto yatima naye akamkubali kama wake. Hadi alipokufa mwaka 2012 alikuwa amelea yatima 13. Jike mwingine, Rosa, aliyeokotwa mwaka 1999 akiwa na umri wa wiki chache tu, aliwalea 15 na kufa mwaka 2024 akiwa na miaka 24, umri mkubwa sana kwa fisi-maji.

Hapa ndipo penye sababu ya kutoonyeshwa kwa watoto. Yatima akifika, wiki za kwanza hana budi kulishwa na binadamu kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Mlishaji huvaa joho jeusi lisiloonyesha umbo la mwili, glavu, na kinyago cheusi kama cha mchomeleaji vyuma, ili mtoto asiuone uso wa mtu wala asiuhusishe na chakula. Baadaye hukabidhiwa kwa mama mlezi katika matangi ya nyuma, mbali na wageni, na huko hufundishwa kupasua kome kwa jiwe na kumkamata kaa bila kubanwa. Akishaachishwa, huwekewa ndani ya mwili kifaa kidogo cha redio cha kumfuatilia na kuachiliwa baharini. Fisi-maji tunaowaona kwenye kamera ni wale ambao hawawezi kurudi baharini, wengi wao wakiwa wenyewe waliokotwa yatima, na majike miongoni mwao ndio walezi.

Nilipowaonyesha wanafunzi picha ya mlishaji aliyevaa joho hilo, alikuwepo mzazi mmoja, mvuvi wa siku nyingi, aliyekuja kumchukua mjukuu wake. Aliitazama kwa makini, kisha akauliza, "Mwalimu, mbona wanamficha uso mtoto asiye na mama? Si ndiye anayehitaji kuona uso?" Nilimjibu, "Mzee wangu, wanataka uso wa kwanza kuuzoea uwe wa fisi-maji mwenzake." Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi hao wanalea kwa ajili ya bahari." Sijasoma popote maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Kwa kulinganisha, mwaka 2020 kituo cha kuokoa wanyama wa baharini cha Vancouver nchini Kanada kilimpokea yatima wa siku chache aliyepewa jina la Joey, kikaweka kamera ya saa 24 juu ya maisha yake yote: chupa, taulo, usingizi, michezo. Watu wa nchi nyingi walimtazama wakati wa maradhi ya korona, na michango yao ilikisaidia kituo. Ni picha tamu, na sioni haya kusema kwamba nami nilizipenda. Hata hivyo Joey, aliyelelewa kwa mikono ya watu tangu uchanga, aliamuliwa kuwa hawezi kurudi baharini, na maisha yake yakawa ya tangini. Simlaumu mtu, kwa kuwa kituo kile hakikuwa na mama mlezi wa kumpa, na bila mikono ile angekufa ufukweni. Lakini mtazamaji afahamu anachokitazama: mtoto tunayeweza kumwona kila saa ni yule ambaye bahari haitamwona tena.

Matokeo ya njia ya Monterey yanapimika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia yatima 37 waliolelewa na mama walezi na kuachiliwa kati ya mwaka 2002 na 2016 katika Elkhorn Slough, hori la maji ya chumvi lililo karibu na Monterey. Waliishi na kuzaa kama waliozaliwa porini, na zaidi ya nusu ya ongezeko la fisi-maji wa hori hilo katika kipindi hicho ilitokana nao na uzao wao. Hilo si jambo dogo kwa mnyama aliyewindwa kwa ajili ya ngozi hadi mkataba wa mwaka 1911 ulipomlinda, na ambaye kufikia mwaka 1938 kundi lililojulikana California lilikuwa la wanyama 50 hivi tu. Leo wako karibu 3,000. Nyasi za baharini za hori hilo nazo zilirudi: fisi-maji hula kaa, kaa wakipungua hubaki konokono wadogo wa baharini, na hao husafisha uchafu wa kijani unaozinyima nyasi mwanga.

Kwa msomaji wa Mtwara, mnyororo huo si wa mbali. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, tuna nyasi za baharini, mikoko, matumbawe na kasa wanaopanda kutaga. Nimeona vitoto vya kasa vikiwekwa kwenye beseni ili vipigwe picha na kuonyeshwa wageni, na kila aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema. Baada ya klabu kuitazama huduma hii na kujadili sababu ya joho jeusi, wanafunzi wanaotoka vijiji vya pwani walianza wenyewe kusema kwamba kitoto cha kasa kiachwe kitembee mchangani hadi majini bila kushikwa. Hiyo ndiyo faida niliyoiona kwa macho yangu, na ndiyo inayonifanya niitetee kamera hii mbele ya wazazi wanaouliza wanyama wa California wanatuhusu nini.

Upungufu upo. Maelezo ni ya Kiingereza, na bila mtu wa kufafanua, mtoto wa darasa la tano atamwona mnyama anayeelea na kujikuna, basi. Video hula kifurushi haraka, na mvua kubwa ikinyesha huku kwetu mtandao hukatika pale pale mnyama anapoletewa chakula. Nashauri kutazama kupitia YouTube na kushusha ubora wa picha hadi 240, kwa kuwa kwenye kioo cha simu manyoya bado yanaonekana vizuri. Kwa kundi, simu moja iliyounganishwa na projekta inatosha.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Ningependa wanafunzi waanze na rekodi chache za Joey, ili wauone udogo wa mtoto na ukubwa wa kazi, kisha waingie kwenye kamera ya Monterey wakijua kwamba nyuma ya tangi wanalolitazama huenda yuko yatima anayejifunza kupasua kome bila kutazamwa na mtu. Klabu yetu imeandaa karatasi ya maelezo ya Kiswahili, yenye saa za kutazama, sehemu za mwili wa mnyama na maswali ya mjadala, na mwalimu yeyote wa Mtwara au Lindi anayeihitaji atapewa nakala bila malipo.