Seti ya vioo na maumbo ya kufundishia ulinganifu: uzoefu wangu

Kilichonifaa zaidi kwenye seti hii ni vioo viwili vya akriliki (aina ya plastiki ngumu). Nimeitumia na watoto wa miaka 5 hadi 7, na kadi zake za picha nusu siku hizi sizitoi hata sandukuni. Mtoto akisimamisha kioo juu ya nusu kipepeo, jibu analo tayari; hajafikiri chochote.

Mimi huchora mstari katikati ya karatasi, napanga vipande vinne vya rangi upande mmoja, mtoto anajenga upande wa pili kwa kubashiri. Kioo huja mwisho, kwa kuhakiki. Hapo makosa hujitokeza. Wengi hunakili badala ya kuakisi: kipande kinachoelekea kushoto kwangu, kwao nacho kinaelekea kushoto. Wengine husahau umbali, kipande kilichokaa mbali na mstari wanakibandika mstarini.

Kipimo halisi ni msambamba, yaani umbo kama mstatili ulioinama, wenye pande zinazopakana zisizo sawa. Hata uuzungushe vipi, hauwi taswira yake ya kiooni. Lazima ugeuzwe, upande wa chini uje juu. Na vipande vya seti hii vimepakwa rangi upande mmoja tu! Mtoto akiugeuza anapata mbao tupu, anadhani amekosea. Nimelazimika kupaka upande wa pili mwenyewe.

Vioo vina unene wa milimita 3 na sehemu inayoakisi iko nyuma, kwa hiyo ukikiweka kioo mstarini kabisa, picha inaonekana imepasuka katikati. Kisogeze milimita 2 hivi kuelekea picha, ukingo wake ufunike mstari.

Bawaba ya kuunganisha vioo viwili haimo. Laza vioo vikitazamana uso kwa uso, kisha bandika utepe wa kitambaa kwenye ukingo mmoja kwa nje. Ukivibandika kwa nyuma vikiwa bapa na kingo zimegusana, havitakunjika kuelekea ndani. Visimamishe, uvifungue kama kitabu, uweke kete moja katikati: vioo vikiwa vimefunguka nyuzi 90 zinaonekana 4, kwa 60 zinakuwa 6, kwa 45 zinafika 8.

Karatasi za kukunja utatafuta mwenyewe, na usizikose. Watoto huapa kwamba mshazari wa mstatili ni mstari wa ulinganifu kwa kuwa nusu zote mbili ni sawa. Wakikunja, pembe zinachomoza nje na ubishi unaisha.

Bandua ngozi ya plastiki kwenye vioo kabla ya kutumia, la sivyo utadhani vina ukungu. Kuvisafisha, kitambaa laini chenye maji na tone la sabuni. Kitambaa kikavu huvikwaruza.