Kadi ya Oyster ya London: bado inamfaa nani?

Ndugu wakija London kututembelea, swali la kwanza baada ya salamu na habari za safari huwa ni la nauli, kwa sababu mtu aliyezoea kumpa konda noti na kusubiri chenji hushangaa kuambiwa kwamba mabasi ya jiji hili hayapokei fedha taslimu tangu Julai 2014. Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa neno moja tu, Oyster. Siku hizi huwauliza kwanza wana kadi gani ya benki, kwani nayo huweza kulipia nauli, na watoto walioandamana nao wana umri gani.

Oyster ni kadi ya plastiki ya rangi ya buluu iliyoanza kutumika mwaka 2003. Haina betri, ndani yake mna chipu ndogo iliyounganishwa na waya mwembamba uliozungushwa mizunguko kadhaa, na ukiisogeza karibu na duara la manjano lililo getini au mlangoni mwa basi, mawimbi ya redio ya mashine huipatia chipu umeme wa kutosha kuamka, kuthibitisha kwamba ni kadi halali, kusomwa salio na kuandikiwa salio jipya, na yote hayo huisha kabla abiria hajapiga hatua ya pili. Salio limeandikwa kwenye kadi yenyewe, na hapo ndipo tofauti yake na kadi ya benki ilipo. Ndiyo maana mashine inaweza kukata nauli hata mahali pasipo na mtandao, na ndiyo maana pia salio linalonunuliwa kwa simu haliingii papo hapo, bali husubiri mpaka kadi iguswe kwenye mashine. Chipu za awali, za aina ya MIFARE Classic, zilipata aibu mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walipoonyesha kwamba ulinzi wake unavunjika. Kadi zilizofuata zikapewa chipu imara zaidi.

Sifa yake kubwa ni hesabu. Kwenye basi unagusisha mara moja tu unapopanda, na kwa nauli moja, iliyokuwa pauni 1.75 kuanzia Machi 2023, unaweza kubadilisha mabasi upendavyo ndani ya saa moja bila kukatwa tena. Ukishalipa nauli tatu za basi kwa siku umefika kikomo, na mabasi yote yanayobaki siku hiyo ni bure. Treni nazo zina vikomo vyake, kulingana na kanda ulizopita, yaani maeneo ya nauli ambayo jiji limegawanywa. Abiria hahitaji kukadiria asubuhi kama anunue tiketi ya siku nzima au ya safari moja, kwani mfumo humtoza ile nafuu.

Nafuu hiyo, hata hivyo, ina sharti ambalo wageni hulisahau: kwenye treni ni lazima ugusishe unapoingia na unapotoka, hata pale ambapo kituo hakina geti la kukuzuia. Asiyegusisha wakati wa kutoka hutozwa nauli ya juu kabisa, maana mfumo haujui ameishia wapi. Kwa maoni yangu huu ndio upungufu mkubwa wa mpango mzima, kwa kuwa unamtwika abiria aliyechoka, mwenye mizigo na mtoto mgongoni, kazi ya kukumbuka. Kuna pia mashine za rangi ya waridi katika baadhi ya vituo vya kubadilishia treni, kama vile Stratford, ambazo huonyesha kwamba hukupitia katikati ya jiji. Ukiziruka unaweza kulipa zaidi bila kujua. Tena, usigusishe pochi nzima yenye kadi mbili, kwani unaweza kuingia kwa hii na kutoka kwa ile.

Je, inunuliwe? Mtu mzima mwenye kadi ya benki ya kugusisha isiyo na makato ya fedha za kigeni haihitaji, kwa kuwa nauli yake ni ileile. Ada ya kadi ilipandishwa kutoka pauni 5 hadi 7 mwaka 2022, na tangu hapo hairudishwi; mwaka 2025 ikafika pauni 10. Lakini kama benki ya nyumbani hukata ada kwa kila muamala wa nje, au kama una mtoto wa miaka 11 hadi 15, Oyster inajilipa haraka: mhudumu wa kituo anaweza kuiwekea punguzo la mgeni kijana, nusu ya nauli kwa muda usiozidi siku 14, jambo lisilowezekana kwenye kadi ya benki. Walio chini ya miaka 11 hawaihitaji kabisa kwenye mabasi.

Salio lake haliishi muda, na kadi isiyosajiliwa haina jina la mtu. Yangu imeshatumiwa na wapwa wawili na mjomba mmoja kutoka Tanga, kila mmoja kwa zamu yake. Sasa imo kabatini na pauni sita, ikimsubiri shangazi mwezi wa nane.