OpendTect kwenye laptopu yangu, miezi minane na kitalu cha F3

Mchana kazi yangu ni visima vya maji. Nasimama kando ya mtambo, kila mita inayochimbwa natia kiganja cha mchanga au udongo kwenye mfuko, naandika kina, tunaendelea. Usiku narudi kwenye nilichosomea, yaani mafuta na gesi. Pale nilipofanyia mafunzo kwa vitendo, kompyuta yenye leseni ya kufasiri data za mitetemo, yaani mwangwi wa sauti unaorudi kutoka kwenye matabaka ya chini ya ardhi, ilikuwa moja, na sisi wanafunzi tulisimama nyuma ya kiti cha mkubwa tukimtazama anavyobonyeza. Nilitoka na cheti bila kuchora hata horizoni moja, yaani mpaka wa tabaka moja la mwamba, kwa mkono wangu. Jambo hilo lilinikaa rohoni muda mrefu.

OpendTect, programu ya kufasiri data hizo, ndiyo iliyonitoa hapo. Inatengenezwa na dGB Earth Sciences ya Uholanzi. Toleo la msingi ni bure na msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL. Juu yake kuna Pro, ambayo ni ya kulipia. Inakubali Windows, Linux na Mac. Menyu ni za Kiingereza, Kiswahili hamna, lakini aliyesoma jiolojia kwetu maneno hayo ameshayazoea darasani.

Programu bila data ni sufuria bila unga. Data za pwani yetu, za Songo Songo au Mnazi Bay, si za kupakua nyumbani. Kwa hiyo nilichukua kitalu cha F3 cha Bahari ya Kaskazini upande wa Uholanzi, kinachotolewa bure kwenye tovuti ya TerraNubis. Mitetemo yake ilipimwa mwaka 1987, eneo la kilomita 16 kwa 24, inlaini 651 (mistari ya upande mmoja) na kroslaini 951 (ile inayoikata), na ndani yake mna visima vinne: F02-1, F03-2, F03-4 na F06-1. Unafungua, kila kitu kimeshapangwa.

Siku ya kwanza nilivuta inlaini moja katikati ya eneo, nikakaa kimya. Kuna matabaka yamelala kwa mteremko, kila moja kama herufi S iliyonyooshwa, moja juu ya bega la jingine. Ni delta ya zamani iliyokuwa ikisukuma mchanga na tope kuelekea baharini. Mimi nimekulia Nyamisati, nimeuona mto Rufiji ukifanya kazi hiyo hiyo kila masika. Mwalimu alikuwa ameichora ubaoni kwa chaki, lakini hapa niliizungusha, nikaikata kwa upande, nikafuata tope lilipoishia.

Sasa kazi yenyewe. Kufuatilia horizoni ni rahisi kuanza: unaweka alama kwenye mkanda mmoja wa mwangwi, unaiambia programu ifuate kilele au bonde, nayo inatambaa yenyewe hadi mwisho wa kyubu, yaani bonge zima la data. Kwenye mikanda iliyotulia inafanya kazi safi. Kwenye ile miteremko ya S, mahali tabaka linapochoka na kufa juu ya lililo chini yake, inarukia mkanda wa jirani na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ramani inatoka nzuri, rangi zinapendeza, na ni uongo. Siku hizi naweka alama kwa mkono kila inlaini ya 25, nakagua na kroslaini, ndipo naiachia ijaze katikati. Inachukua jioni tatu badala ya dakika kumi. Sioni njia nyingine ya uaminifu.

Lakini sehemu iliyonifundisha kuliko zote ni kufunga kisima na mitetemo. Kisima kinasema mita, mitetemo inasema milisekunde, na muda huo ni wa kwenda na kurudi. Programu inachukua logi ya soniki (kipimo cha kasi ya sauti kisimani) na logi ya msongamano wa mwamba, inatengeneza seismogramu ya kukokotoa, yaani mchoro wa mwangwi unaotarajiwa, inaiweka kando ya ile iliyopimwa uone kama vilele vinakutana. Mara ya kwanza nilipojaribu kuingiza kisima upya kuanzia mwanzo, vilele vilipishana kabisa. Nikahangaika usiku mzima. Kosa lilikuwa langu: kina cha kisima huhesabiwa kutoka kwenye meza ya mtambo, si usawa wa bahari, na kimo hicho sikukiingiza. Piga hesabu: meza ikiwa mita 30 juu ya bahari na kasi ya sauti mita 2,000 kwa sekunde, umepotea milisekunde 30. Hiyo inatosha kukupeleka kwenye tabaka jingine kabisa.

Kwenye dirisha hilo kuna mtego pia. Unaweza kuvuta na kubana seismogramu yako, na namba ya mfanano inapanda kadiri unavyovuta. Inanogesha. Ila kila unapovuta unabadilisha kasi ya mwamba, na ukizidi unakuwa na mwamba ambao haupo duniani. Nimejiwekea sharti: nikishavuta, narudi kuangalia kasi iliyotokea. Ikiwa udongo laini wa juu umekuwa na kasi ya chokaa ngumu, nafuta.

Na jambo moja ambalo mtu akikimbia halioni. Kati ya visima vinne vya F3, msongamano ulipimwa kweli kwenye viwili tu, F02-1 na F03-2. Vile vingine viwili msongamano wake umekadiriwa na mtandao wa nyuroni kutoka kwenye soniki na gamma rei (kipimo cha mionzi ya asili ya mwamba). Uwazi wa mwamba, yaani nafasi zilizo kati ya chembe zake, kote umekokotolewa kwa kutoa msongamano kwenye 2.65 (ule wa chembe), kisha kugawa kwa 2.65 kutoa 1.05 (ule wa maji). Msongamano wa 2.13 unakupa asilimia 32.5. Hesabu ni sahihi, lakini kwenye F03-4 na F06-1 unahesabu juu ya makadirio. Waliotayarisha data wameliandika wazi kwenye maelezo yao, nami nawaheshimu kwa hilo. Soma maelezo kabla ya kuchora.

Upande wa mashine: laptopu yangu ya RAM GB 8 isiyo na kadi ya picha ya peke yake ilikuwa inazidiwa ninapofungua kyubu nzima. Nikaongeza hadi GB 16, mambo yakakaa sawa. Fungua vipande, si kyubu yote.

Toleo la bure lina mipaka. Kufuata mwelekeo wa miteremko kwa undani na HorizonCube, kifaa cha kufuatilia horizoni nyingi kwa pamoja, viko upande wa kulipia, na kwa delta kama hii ungevitamani. Vyuo vikuu vinaweza kuomba leseni ya kitaaluma bila malipo, kwa hiyo mwanafunzi mwenye msimamizi mzuri asianze na kidogo. Amwambie msimamizi aandike barua. Sisi tulioshatoka chuoni tunabaki na la msingi, na hilo la msingi linatosha kukufanya mfasiri.

Wiki iliyopita niliifungua kambini, mtambo ulikuwa umezimwa ukisubiri bomba. Kijana tunayechimba naye akaja akasimama nyuma yangu. Nikampisha kiti. Akaweka kidole kwenye doa lenye mwangwi mkali, lile ambalo kwenye F3 linaashiria gesi ya kina kifupi, akauliza, "Kaka, hapa ni mita ngapi?" Nikamwambia hapo bado ni milisekunde. Tukafungua jedwali la kasi la kisima F03-2, nikampa kalamu, akaanza kuhesabu.