Uzoefu wangu na nakala ya kiti cha LCW: raha ya kukaa, shida ya skrubu

Nimekaa nacho miezi minane, sasa naweza kukisema. Si LCW halisi (Lounge Chair Wood, kiti cha mbao cha kupumzikia) inayotengenezwa na kampuni ya Herman Miller. Mfuko wangu haufiki huko. Ni nakala niliyoagiza kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye simtaji. Plaiwudi tupu iliyopindwa, haina sponji wala kitambaa.

Kilipofika, mama mkwe alikizunguka akauliza, "Na mto wake?" Akakaa, akanyamaza. Tangu hapo akija ndicho anachokikimbilia, ingawa kipo chini mno na kunyanyuka lazima ashikwe mkono.

Siri ya raha hiyo ilianzia kwenye mguu uliovunjika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabanzi ya chuma waliyofungwa majeruhi wa Marekani yalikuwa yakitikisika machela ikibebwa, maumivu yakazidi. Charles Eames na mkewe Ray, wabunifu wa Marekani ambao baadaye walibuni LCW, wakatengeneza banzi la plaiwudi kwa kufuata umbo la mguu wa Charles mwenyewe. Kazi waliianzia ndani ya nyumba yao ya kupanga Los Angeles, kwa mashine waliyoiita Kazam!: tabaka nyembamba za mbao zilizopakwa gundi zinalazwa kwenye kalibu ya plasta yenye joto la umeme, kisha mfuko wa mpira unajazwa upepo kwa pampu ya baiskeli, unazikandamiza mpaka gundi ishike. Mwaka 1942 jeshi la wanamaji liliagiza mabanzi 5,000. Hadi vita vinaisha yalikuwa kama 150,000.

Ukiliangalia banzi lile utaona nafasi zilizokatwa. Ndimo bendeji ilimopita, lakini pia ziliuokoa ubao usipasuke, maana plaiwudi haipendi kupindwa pande mbili kwa pamoja. Charles alishaonja hilo mwaka 1940, yeye na mbunifu mwenzake Eero Saarinen: viti vyao vya kipande kimoja vilipasuka, ikabidi vivikwe kitambaa. LCW ilipoingia sokoni 1946, kikalio na egemeo vilikuwa vipande viwili mbalimbali, kati yake na fremu vimewekwa visahani vya mpira vilivyogandishwa kwa gundi. Ukiegemea, mgongo wa kiti unakufuata kidogo.

Hapo ndipo nakala yangu ilipochemsha. Badala ya mpira wamepiga skrubu moja kwa moja. Egemeo limekaza kama mlango. Mwezi wa tano nikaona ufa mwembamba kama unywele ukianzia kwenye tundu la skrubu, na kila nikiegemea unasogea. Fundi wangu aliukamulia gundi akaubana kwa jiriwa usiku kucha, na umetulia, ila mimi sasa naegemea kwa adabu.

Kikalio nakipa kumi kwa kumi. Egemeo, nne. Ukitaka kuagiza, omba kwanza picha ya nyuma. Usipoona mpira kati ya egemeo na fremu, usilipe.